Mrs Pumphrey na kijibwa chake Tricki: ni kichekesho tu au kuna ukweli?

Swali limetoka kwa binti mmoja anayekaa Dar, nalifupisha: "Shikamoo dokta. Nimemaliza kuangalia ile tamthilia ya madaktari wa mifugo wa Uingereza ya zamani, yule James Herriot. Kuna bibi tajiri anaitwa Mrs Pumphrey na kijibwa chake Tricki Woo, nimecheka mpaka machozi. Hivi huyu bibi alikuwepo kweli au wamemuweka pale kuchekesha tu? Na ile ya kumlaza mbwa njaa siku mbili akapona ni tiba kweli? Nauliza kwa sababu shangazi ninayekaa nae ana kijibwa kimenenepa kama mto wa kulalia na shangazi mwenyewe hasikii la mtu."

Marahaba mwanangu. Umeuliza maswali mawili, la tatu umelificha nyuma ya shangazi na nahisi hilo ndo lililokuleta. Nitalifikia, ila naomba univumilie kwanza nimsemee huyu bibi, maana kila mtu anamcheka na mimi miaka yote niliyofanya kazi hii nimekuja kuona anayechekwa pale sio yeye peke yake.

Alikuwepo. Tuanze na mwenye hadithi, James Herriot ni jina la kubandika, mwenyewe aliitwa Alf Wight, kazaliwa Sunderland 1916, kakulia Glasgow na chuo cha mifugo kasomea huko huko, 1939 kamaliza, na 1940 akaenda kufanya kazi Thirsk, kamji ka wakulima kule Yorkshire, na ukiacha muda aliokuwa jeshini wakati wa vita, maeneo hayo hakuyahama mpaka anafariki 1995. Madaktari wa mifugo wakati ule walikuwa hawaruhusiwi kujitangaza ndo maana akaficha jina, akawa anaangalia mpira kwenye TV akamuona golikipa wa Birmingham City anaitwa Jim Herriot, basi, jina likapatikana. Kitabu cha kwanza kimetoka 1970 mzee ana miaka 53, kwa hiyo wewe ambaye unasema umechelewa kila kitu, tulia.

Kijibwa chenyewe kilikuwepo pia. Kwenye maisha ya kweli kiliitwa Bambi, kijibwa cha pua bapa aina ya Pekingese, cha mama mmoja wa Sowerby, pale pale pembeni ya Thirsk, na hata habari ya mbwa kumtumia daktari zawadi kwa jina lake mwenyewe haikutungwa hewani. Bibi wa kwenye hadithi kaongezwa chumvi bila shaka, kapewa marehemu mume aliyekuwa na kiwanda cha bia, jumba kubwa nje ya mji, watumishi, dereva, lakini mzizi upo. Kwenye TV kachezwa na watu watatu: ile ya BBC iliyoanza 1978 ni Margaretta Scott, hii mpya ya 2020 akaanza Diana Rigg ambaye alifariki Septemba hiyo hiyo tamthilia ndo kwanza imeanza kuonyeshwa, kisha Patricia Hodge akachukua nafasi.

Sasa kichekesho. Ukitaka kuelewa kwa nini bibi huyu anafanya kazi vizuri kwenye hadithi lazima uangalie anakuja baada ya nini. Herriot anakuandikia usiku wa baridi, kavua shati kwenye zizi lenye upepo, kalala kifudifudi kwenye mawe, mkono umezama ndani ya ng'ombe mpaka begani anatafuta mguu wa ndama, na mwenye ng'ombe kasimama pembeni anamwambia daktari yule mwingine asingechukua muda wote huu. Akimaliza anapewa ndoo ya maji ya baridi na kipande cha sabuni, na bili italipwa mwakani Mungu akipenda. Mimi nimefanya kazi vijijini miaka tisa kabla sijahamia mjini, nakuambia hakuna hata neno moja la uongo hapo, badilisha tu baridi weka mbu. Basi ukigeuza ukurasa uko kwa Mrs Pumphrey: moto unawaka, glasi ya sherry (mvinyo wa matajiri), viti vya kuzama, na mgonjwa ni mbwa mwenye kitanda cha mchana na kitanda cha usiku.

Ndo maana unacheka, hujamcheka bibi, umecheka ahueni. Daktari mwenyewe anajua, na halifichi hilo, kwamba anapenda kwenda kule. Kuna ile ya zawadi ambayo mimi ndo naipenda kuliko zote. Tricki anamtumia daktari boksi la samaki wa kukaushwa kwa moshi, daktari anampigia bibi simu kushukuru, anajibiwa kwa ubaridi kwamba aliyetuma sio mimi ni Tricki. Anakaa anaandika barua ya shukrani kwa mbwa, mtu mzima na digrii yake, na akiandika kwenye bahasha "Master" kama anavyoandikiwa mtoto wa kiume anaambiwa Tricki kakwazika kidogo, amezoea kuandikiwa kama bwana mkubwa. Sasa niambie hapo nani kichekesho. Na yule mzee Hodgkin mtunza bustani, mtu wa Yorkshire haswa, uso kama jiwe, kazi yake ni kumrushia mbwa mpira na vile vipete vya mpira kila siku bila kuchoka, yeye bosi wake hasa ni nani?

Kitu kingine ambacho wengi hawakioni ni kwamba bibi huyu anaangalia mbwa wake vizuri sana, ila lugha ndo ya kwake. Ana neno lake la kitoto, anasema Tricki amekuwa "flop-bott", kwa Kiswahili ningesema makalio-pwata, mbwa anatembea halafu ghafla anakaa pwata anatazama nyuma kama kaumwa na kitu. Watu wanacheka. Mimi nikisoma pale naona mteja kanipa historia nzuri ya ugonjwa kuliko nusu ya wateja wangu. Hizo ni tezi mbili ndogo zilizo pembeni mwa njia ya haja kubwa ya mbwa, kila upande moja, ukichukulia ni saa ya ukutani ziko kwenye namba 4 na namba 8 (namba za ukutani nasema, sio saa za Kiswahili, nilishawahi kumchanganya mwanafunzi wa fildi hapo). Zinatoa majimaji yenye harufu ambayo ukipata kwenye shati hiyo shati iage. Kwa kawaida zinajikamua zenyewe mbwa akijisaidia kinyesi kigumu, lakini mbwa mnene anayekula vitu laini laini zinaziba, zinajaa, zinawasha, ndo unaona anaburuta makalio sakafuni na watu wanasema ana minyoo. Daktari anavaa glavu anazikamua, dakika mbili, kazi kwisha. Bibi hakujua jina la tezi lakini alijua siku na namna, na alipiga simu mapema. Nina wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wanapiga simu siku ya tatu ng'ombe keshalala hawezi kuinuka, wanasema dokta ameanza leo asubuhi.

Haya sasa ile ya njaa. Tukumbushane: bibi anahisi mbwa amepungukiwa nguvu, kwa hiyo anamuongezea chakula. Mbwa analegea zaidi, anaongeza zaidi. Keki za krimu, chokoleti, mafuta ya samaki, na usiku bakuli la Horlicks, kile kinywaji cha unga wa kimea na maziwa, ile ile unayoiona supamaketi. Na mazoezi hamna, maana hata Hodgkin kaumwa mgongo vipete havirushwi. Mwisho mbwa anatapika, hali chakula, kalala zulia anahema tu, daktari anasema huyu lazima alazwe kwangu wiki mbili. Nyumba nzima vurugu, watumishi wanakimbia na vitanda, mito, mabakuli ya asubuhi na mchana na jioni, gari halitoshi, bibi anarusha rundo la vikoti vya mbwa dirishani gari likiwa linaondoka.

Na tiba? Hakuna dawa hata moja. Siku mbili maji tu. Siku ya tatu anasikia mbwa wenzake uani anaanza kulialia atoke, wanamfungulia, mbwa wa kawaida wanamkimbilia wanamnusa wanamkanyaga kanyaga, na tangu hapo anakimbizana nao, anagombania chakula, anapungua, anakuwa mbwa. Huku nyuma bibi anapiga simu mara kumi na kitu kwa siku, halafu anaanza kuleta mayai, madazeni ya mayai, ya kumrudishia mgonjwa nguvu. Kisha mvinyo wa kuongeza damu. Kisha brandi. Unajua yalikoenda. Madaktari wanakula mayai asubuhi, mvinyo kwenye chakula cha mchana, brandi usiku, na Herriot anakiri kabisa kishawishi cha kumbakiza mbwa pale kilikuwa kikubwa. Bibi anakuja kumchukua mbwa wake anarukiwa mpaka mapajani, machozi yanamtoka, anasema huu ni ushindi wa upasuaji. Kisu hakijaguswa! Sura hiyo inasomwa mpaka India, imo kwenye kitabu cha Kiingereza cha darasa la kumi kule, yaani mamilioni ya watoto wamefanyia mtihani habari za mbwa mnene.

Mimi hapo ndo nasema anayechekwa ni daktari. Bibi alikosea kwa mapenzi na akalipa, mbwa alipona kwa kuachwa tu, na mtaalamu sifa zote kapata kwa kunywa brandi ya mgonjwa. Herriot angeweza kuiandika ajitoe bingwa, hakufanya hivyo, na ndo ustadi wake. Halafu kuna kejeli ya historia juu yake. Enzi zile daktari wa mifugo wa kweli alikuwa wa farasi na ng'ombe, mambo ya mbwa na paka yalionekana ya kupotezea muda. Leo nenda Uingereza, madaktari wengi wanaishi kwa akina Mrs Pumphrey. Na hapa kwetu pia, zamani nikisema mimi ni bwana mifugo watu walifikiria josho na ndigana ya ng'ombe na chanjo ya kideri ya kuku, saivi kliniki yangu asilimia kubwa ni mbwa na paka, na wenye mbwa ndo wanaolipa pango.

Tiba yenyewe sasa, na hapa nisikilize vizuri. Kwa Tricki ilifaa kwa sababu mbwa alikuwa anatapika, tumbo limechoka na mafuta, na alikuwa chini ya macho ya daktari kutwa. Tulikuwa tunafanya hivyo mpaka miaka sio mingi iliyopita, kupumzisha tumbo la mbwa mzima saa 24. Lakini kukondesha mbwa kwa kumnyima chakula siku mbili nyumbani, hapana. Vijibwa vidogo sukari inaweza kushuka ghafla, hasa vitoto. Na kama kuna paka mle ndani usithubutu kabisa, paka mnene akikaa siku kadhaa bila kula mafuta yanakimbilia kwenye ini na anaweza kufa, na unene wake haumsaidii, ndo unamuua haraka.

Unachofanya ni hiki. Kwanza jua kama kweli kanenepa. Weka vidole ubavuni, bila kukandamiza. Mbavu unatakiwa uzisikie kama unavyosikia mifupa ya mgongo wa mkono wako ukikunjua vidole. Ukisikia kama kiganja upande wa ndani, laini tu, kanenepa. Msimamishe umuangalie kwa juu, nyuma ya mbavu panatakiwa pabonyee kidogo kama kiuno, shangazi yako kasema mwenyewe "mto" kwa hiyo jibu tunalo. Pima: panda mzani wa bafuni umembeba, kisha panda peke yako, toa.

Hesabu yake haina siri. Mbwa ambaye mwili wake ungetakiwa uwe kilo 5 anahitaji kama kalori 230 tu kwa siku akiwa ametulia. Kipande cha jibini gramu 30, kinachotoshea kwenye kiganja, kina kalori 120 hivi, nusu siku hiyo imeisha. Chapati moja ya mafuta ni siku nzima au kupita. Kwa hiyo mtu anaposema "mbona anakula kidogo tu" anasema kweli, kidogo cha kwake yeye. Apungue polepole, asilimia moja mpaka mbili ya uzito wake kwa wiki, yaani kama ana kilo 8 ni gramu 80 mpaka 160 kwa wiki, usitegemee muujiza wa wiki mbili kama wa kwenye hadithi. Kabla hujaanza apimwe, maana kuna magonjwa ya tezi (sio zile za makalio, hizi ni za homoni) yanayonenepesha mbwa hata akila vizuri, na hapo shangazi atakuwa analaumiwa bure. Chokoleti ni sumu kwa mbwa, hilo la Tricki leo ningemkalia kooni yule bibi. Zabibu pia, na vitunguu, kwa hiyo ile "nimempa tu kijiko cha pilau" ikome. Na kama ni wale wa pua bapa kama Pekingese, joto la Dar na unene ni hatari haswa, wanapumua kwa shida tayari, usimtembeze saa saba mchana, mtoe alfajiri au jioni jua likishazama.

Kubwa zaidi ni shangazi mwenyewe. Nikupe kisa. Aliletwa kwangu kijibwa cheupe, mwenye mbwa mzee mstaafu, mtu mstaarabu, mjane. Mkanda wa shingo ulikuwa umeishiwa matundu, mzee kautoboa mengine mawili kwa msumari, unaona kabisa hayako kwenye mstari. Nauliza anakula nini, mzee anasema wali kidogo na dagaa, mara mbili kwa siku. Nikampangia. Mwezi ukapita, karudi kaongezeka gramu 300. Nikarekebisha, mwezi mwingine, kaongezeka tena, nikaanza kuwaza tezi, nikaanza kuwaza vipimo vya gharama. Siku ile mzee kaenda kulipa, dada wa kazi kabaki kashika mbwa, akaniangalia, akaangalia mlango, akaninong'oneza: dokta, babu akinywa chai asubuhi kitumbua kimoja chake kimoja cha mbwa, mpaka viishe. Vinaletwa sita.

Sikumwambia mzee nimeambiwa, dada angefukuzwa. Nilimwambia, mzee wangu, huyu mgonjwa anapenda kula na wewe, sasa asubuhi ukikaa kwenye chai mkatie tango, vipande sita, na apewe na mkono wako sio wa mtu mwingine. Alikubali pale pale. Kumbe shida haikuwa kitumbua, shida ilikuwa asubuhi zile anakula peke yake tangu mkewe afariki. Mbwa alishuka kilo moja na nusu ndani ya miezi sita hivi, mkanda ukarudi kwenye matundu ya kiwandani.

Kwa hiyo usimwambie shangazi anamuua mbwa, ni mkubwa wako, atakununia na mbwa ataongezewa nyama ya siri. Asubuhi chukua kopo, pima chakula cha siku nzima tia humo, mkabidhi yeye, mwambie shangazi hiki ndo chake cha leo mpe unavyotaka mara unazotaka, kikiisha kimeisha. Mwenye kulisha anabaki yeye. Lete mbwa nimpime, kliniki tunafungua saa mbili asubuhi, njooni wote wawili na shangazi, na kama pale nyumbani kuna dada wa kazi naomba aje nae.